Watoto Wawili Safarini: Kutoka Nairobi Mpaka Milima ya Taita

Wahenga walisema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, maana mwenye kutembea hakosi kuokota jambo njiani. Neno hili ni jema, na wazazi wengi hupenda kulitaja mbele ya watoto wao. Lakini ni wachache wanaolikumbuka siku ile mtoto anaposema, "Baba, nipe nauli niende peke yangu." Siku hiyo methali nyingine huja mbio kuchukua mahali pake, nayo ni ile ya tahadhari kabla ya hatari.

Habari hii ni ya nyumba moja ya Nairobi, nayo ilitokea mwezi wa Agosti mwaka 2023. Baba wa nyumba hiyo ni karani. Mama ni mzaliwa wa Milima ya Taita. Desturi yao ni kwamba shule zifungapo mwezi wa Agosti, jamaa yote hufunga mizigo na kwenda Wundanyi kwa nyanya, mama yake mama, wakakaa huko majuma mawili. Watoto ni wanne. Mkubwa ni mvulana wa miaka 15, anayemfuata ni msichana wa miaka 13, na wengine wawili bado ni wadogo.

Mwaka huo mambo hayakwenda kama desturi. Nyanya aliteleza kisimani akaumia mguu, na mama akalazimika kutangulia pamoja na wale wadogo wawili. Baba naye likizo yake ilisogezwa mbele kwa siku nne. Wakubwa wawili walibaki Nairobi na baba yao, shule zimefungwa, nyumba imekuwa kimya, na huko milimani nyanya anahitaji mikono ya kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe na kutumwa dukani. Ndipo yule mvulana alipotoa neno lake.

Baba hakujibu upesi. Yeye mwenyewe aliwahi kusafiri peke yake alipokuwa na umri wa miaka 13, katika gari la moshi la usiku kutoka Kisumu kwenda Nairobi, akienda kuanza shule ya bweni. Baba yake alimfungia fedha katika pindo la leso, akaandika jina lake juu ya sanduku kwa rangi nyeupe, kisha akamkabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha samaki. Usiku kucha yule mama alimwuliza kila aliyesogea karibu, "Wewe unataka nini kwa mtoto huyu?" Baba alifika Nairobi salama, na hata leo akinusa samaki wa kukaushwa humkumbuka yule mama. Lakini alijiambia kwamba siku zile behewa zima lilikuwa mlezi wa mtoto, na kwamba siku hizi kila abiria hutazama simu yake.

Alipompigia mama simu, mama alisema, "Mvulana na aje. Msichana angoje aje nawe." Msichana alikuwa karibu akayasikia. Hakulia wala hakujibizana. Aliuliza tu, "Baba, ni jambo gani analoweza kufanya kaka ndani ya gari la moshi ambalo mimi siwezi?" Baba alilitafuta jambo hilo asilipate. Hofu ya mama haikuwa ya bure, kwa maana kila mzazi wa binti anaijua. Hata hivyo hofu ni kitu kimoja, na kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hofu ni kitu kingine. Baada ya siku mbili za kusemezana kwenye simu, mama alikubali, kwa sharti kwamba wajaribiwe kwanza.

Jaribio lilikuwa hili. Walitumwa peke yao kutoka nyumbani mpaka stesheni kuu ya zamani iliyo katikati ya jiji, wapande gari la abiria wa mjini, wafike stesheni mpya ya Syokimau, waulize habari za safari, kisha warudi kabla ya jua kutua na kueleza yote waliyoyaona. Walirudi saa kumi. Mvulana alijua nauli na saa za kuondoka. Msichana alijua mahali pa choo, mahali pa askari, na kwamba mabegi yote hupangwa chini ili mbwa wa polisi wayanuse. Baba alicheka, akaona kwamba vichwa viwili vikiwekwa pamoja hupata kichwa kimoja kizima.

Kabla ya siku ya safari baba aliwapa masharti manne. Wasishuke mahali popote ila Voi. Fedha zigawanywe, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Simu isitumiwe kwa michezo, ili isiishe moto. La nne lilikuwa kwamba wasiingie katika gari la mtu yeyote asiyewaambia neno la nyumbani, na neno hilo ni jina la ng'ombe wa nyanya. Mjomba wao ndiye atakayewapokea Voi kwa gari lake. Baba aliahidi kumweleza mjomba habari ya neno hilo. Msomaji na alishike jambo hili, maana litarudi.

Asubuhi ya safari ilikuwa na baridi ya Agosti. Stesheni ya Syokimau ni jengo kubwa la kioo na chuma, sehemu ya reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, wala hapana shaka kwamba waliojenga reli ya kwanza wangeistaajabia. Reli ile ya kwanza ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika kwenye ziwa, hapo panapoitwa Kisumu. Upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Reli mpya ina milimita 1,435, na kwa hiyo magari yake huweza kwenda mbio zaidi bila kuyumba. Wazee bado huliita gari la moshi, ijapokuwa moshi wa makaa na kuni umekwisha zamani.

Baba aliwafikisha mlangoni tu, kwa sababu asiye na tikiti haruhusiwi kupita. Alitaka kuwaambia mambo mengi, akajikuta anasema, "Funga kamba za viatu." Kisha alirudi mjini kazini, na saa nzima hakuweza kujumlisha safu moja ya hesabu bila kukosea.

Gari la asubuhi ndilo linalosimama katika stesheni za njiani. Msichana alikuwa amechagua viti vya upande wa kulia, na kaka yake alipomwuliza sababu, alisema kwamba mlima uko upande huo. Gari lilipita Athi River na kuingia katika nyanda pana za majani makavu, ambako mara ng'ombe wa Wamasai na mara swala huonekana pamoja kana kwamba wana mchungaji mmoja. Walipita karibu na Sultan Hamud, mji mdogo uliopewa jina la Sultani wa Unguja aliyetawala siku zile reli ilipokuwa ikijengwa. Reli ya zamani ilionekana hapa na pale kando yao, nyembamba, imeota majani. Gari lake la usiku la kwenda Mombasa, ambalo watu wengi walilipanda utotoni, liliacha kubeba abiria mwaka huo huo wa 2017.

Walipokuwa wakikaribia Emali ukungu ulifunguka, na msichana akamshika kaka yake mkono. Mbali upande wa kusini, juu ya mawingu, palikuwa na kitu cheupe mfano wa bakuli lililofudikizwa. Ndio Kilimanjaro. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona mlima huo na theluji yake ni mmisionari Johannes Rebmann, tarehe 11 Mei 1848, alipokuwa njiani kutoka pwani akipitia nchi ya Wataita, akiongozwa na Bwana Kheri aliyeijua njia. Habari zilipofika Ulaya, mabwana wenye elimu walimcheka. Walisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta, na hao wenyewe hawakuwa wamefika. Mlima ulionekana kwa dakika chache tu, kisha mawingu yakaufunga. Mzee mmoja aliyekaa mbele yao alisema amepita njia hiyo mara nyingi na ameuona mara tatu.

Baada ya hapo nchi ilibadilika. Vilima vya Chyulu vilisimama upande wa kulia, vya kijani na vya mviringo, navyo ni vilima vilivyotokana na moto wa chini ya ardhi. Mvua inyeshayo juu yake hupenya katika mawe yenye vitundu na kutokea mbali kwenye chemchemi za Mzima, na maji hayo hupelekwa kwa mabomba mpaka Mombasa. Mtu wa Mombasa afunguapo bomba lake huenda anakunywa mvua ya Chyulu. Kisha Kibwezi na mibuyu yake, kisha Mtito Andei, jina ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tai wala mizoga.

Hapo huanza nchi ya Tsavo. Mbuga hiyo iliwekwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1948, nayo imegawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, na reli hupita katikati. Udongo wake ni mwekundu, na tembo wakijipaka vumbi hilo huonekana wekundu kama matofali. Reli mpya imeinuliwa juu ya tuta, na mahali mahali imeachwa njia chini yake ili tembo wapite bila kugongwa. Msichana aliwahesabu tembo 11. Mvulana alisema ni tisa, kwamba wawili walikuwa vichuguu. Jambo hilo halijaamuliwa mpaka leo.

Kwenye mto Tsavo mvulana alimweleza dada yake habari za simba wawili ambao mwaka 1898 walikuwa wakiwachukua usiku wafanyakazi waliojenga daraja. Kazi ilisimama, watu wakakimbia, mpaka msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, alipowaua simba wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo. Patterson baadaye alitaja watu 135 kuwa ndio walioliwa. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikisia mwaka 2009 kwamba walikuwa watu 35 hivi. Simba wenyewe wamewekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Msichana alisikiliza, kisha akasema kwamba hata 35 ni wengi, na kwamba kila mmoja wao alikuwa na mama.

Adhuhuri gari lilisimama Voi. Hawakuwa wamelala, maana walikuwa wamepeana zamu. Walishuka na sanduku lao, begi moja na mfuko wa mikate ya nyanya, wakatoka nje katika jua kali wakitafuta gari la mjomba. Hapakuwa na gari la mjomba.

Alikuwapo mtu mwingine, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, amevaa shati safi, na kando yake gari dogo jeupe. Aliwasogelea kwa tabasamu akawaita wote wawili kwa majina yao. "Karibuni Voi," akasema. "Mjomba wenu amepatwa na tatizo la gurudumu njiani. Amenituma niwachukue."

Mvulana alifarijika. Alikuwa amechoka, na mtu huyo alisema kwa upole, tena alikuwa mkubwa kwao. Alikwisha kuliinua sanduku. Lakini dada yake hakuuachia mkono wa sanduku upande wa pili. "Shikamoo, mzee," akasema. "Samahani. Je, mjomba alikupa neno lolote la kutuambia?"

"Neno gani, binti yangu?"

"Neno la nyumbani."

Yule mtu alitazama chini, akamtazama tena. "Sikupewa neno. Nimeambiwa nije upesi, msiungue na jua." Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyenyoosha mkono wa salamu usipokelewe. Mvulana aliona aibu. Alimnong'oneza dada yake kwamba wanamvunjia heshima mtu mzima mbele ya watu, na kwamba mtu mbaya angetoa wapi majina yao. Msichana alijibu kwa sauti ya chini kwamba majina yao yameandikwa juu ya sanduku. Ndivyo yalivyokuwa, kwa maana baba alikuwa ameyaandika kama baba yake alivyofanya zamani.

Wakarudi ndani ya stesheni, wakakaa kwenye benchi karibu na askari, wakamweleza hali yao. Askari aliwaambia wakae hapo hapo. Mvulana alipiga simu kwa mjomba, ikawa haipatikani. Akampigia mama, simu ikalia bila kujibiwa, kwa sababu mama alikuwa kisimani na simu ilikuwa rafuni. Akampigia baba mara mbili, na mara ya tatu baba akajibu.

Huko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi, baba alisikia habari yote akiwa amesimama ukumbini nje ya ofisi. Mara moja alikumbuka. Hakuwa amemwambia mjomba neno lile. Alikuwa amekusudia kumwambia Jumatatu, na Jumatatu kazi ikawa nyingi, na Jumanne akasahau. Wanawe walikuwa wameshika sharti lake barabara, na yeye aliyeliweka ndiye aliyelivunja. Alisema tu, "Mmefanya vizuri. Kaeni hapo hapo. Msitoke." Kisha akabaki ameshika simu, akijua kwamba hakuna basi wala ndege iwezayo kumfikisha kwa wakati, na kwamba kilichobaki ni akili ya watoto wale wawili na yale aliyowafundisha kabla ya siku hiyo. Mzazi aliyesimama mahali pale anajua kwamba malezi yote ya miaka kumi na mitatu hupimwa kwa nusu saa.

Yule mtu hakuondoka. Alinunua chupa ya maji akakaa kwenye kivuli nje, akingoja. Karibu saa nzima ilipita. Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa mjomba mwenyewe, ameazima simu ya dereva wa lori njiani karibu na Mwatate, kwa kuwa yake ilikwisha moto baada ya kumpigia rafiki yake huyo simu moja. Yule mtu aliingia ndani, akampa msichana simu.

Msichana aliitambua sauti ya mjomba wake. Hata hivyo aliuliza, "Mjomba, ng'ombe wa nyanya anaitwa nani?"

Palikuwa na kimya. "Malkia," mjomba akasema. "Kwani Malkia amefanya nini?"

Askari alicheka mpaka akavua kofia. Yule mtu naye alicheka, akasema kwa sauti kubwa katika stesheni nzima, "Malkia! Haya, twendeni." Mvulana alimwomba radhi. Naye akajibu kwamba ana binti wa umri huo huo, na kwamba jioni hiyo atamfundisha jina la mbuzi wao.

Kutoka Voi njia huelekea magharibi, upande wa Taveta. Zamani, katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, Waingereza walijenga reli kufuata njia hii ili kupeleka askari na vyakula kupigana na Wajerumani waliokuwa upande wa pili wa mpaka, na makaburi ya askari wa vita hivyo yako Voi, Maktau na Taveta. Nchi ya chini ni kavu, na karibu na Mwatate kuna mashamba makubwa ya katani yaliyopangwa safu kwa safu. Hapo walimkuta mjomba, mikono myeusi kwa grisi, gurudumu limekwisha kubadilishwa. Kisha njia ikageuka kulia na kuanza kupanda.

Mtu asiyefika Milima ya Taita hawezi kusadiki jinsi nchi inavyobadilika kwa mwendo wa nusu saa. Chini ni miiba na vumbi. Juu ni migomba, mahindi, kabichi na mifereji ya maji iendayo kando ya njia. Njia hupinda na kupinda, na katika kila kona nchi ya tambarare huonekana chini zaidi, kama mkeka uliotandikwa. Kilele cha juu kabisa, Vuria, kina mita 2,208. Katika mabaki ya misitu ya zamani kama ule wa Ngangao wako ndege wadogo ambao hawaonekani mahali pengine popote duniani, na misitu hiyo ikikatwa, nao wamekwisha. Katika mapango ya mawe yako mafuvu ya wazee wa kale, yaliyowekwa hapo na jamaa zao kwa desturi ya Wataita, na mpaka leo mtu mwenye adabu hapiti hapo akipiga kelele.

Nyanya alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa. Alisikiliza habari yote tangu mwanzo. Mvulana alimaliza kwa kusema kwamba bado anaona aibu kwa ajili ya mtu yule, maana alikuwa mwema na walimfanya kama mwizi. Nyanya alifikiri kidogo. "Mtu mwema hakasirikii mlango uliofungwa," akasema. "Hubisha, akangoja. Huyu alingoja. Basi hamkumpoteza, mmempata." Kisha akamwambia mama apige simu Nairobi amweleze baba kwamba watoto wamefika, na kwamba aliyestahili kuchapwa katika habari hii ni yeye. Mama alisema maneno hayo kama yalivyo.

Siku nne hizo watoto walifanya kazi. Mvulana aliteka maji, msichana alikata majani ya Malkia na kwenda soko la Wundanyi na kurudi na chenji kamili. Baba alipofika, aliona kwamba hawakuwa wakimwuliza kila jambo dogo kama zamani. Waliuliza mambo makubwa tu.

Wazazi wengi wenye watoto wa umri huo watakutana na swali hili hili, iwe ni safari ya kwenda kwa nyanya, au asubuhi moja ya kutembea mjini wakati jamaa yote iko likizoni Mombasa au Kisumu. Kukataa daima si ulinzi. Mtoto aliyezuiliwa mpaka miaka 18 siku moja ataondoka tu, na ataondoka bila kujua lolote. Lakini kukubali bila kutayarisha ni kumtupa. Mtoto na ajaribiwe kwanza katika safari fupi za mchana. Wawili ni bora kuliko mmoja. Njia ijulikane, saa ijulikane, na apokeaye ajulikane kwa jina. Wachukue nakala ya hati ya kuzaliwa na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu ikizimika namba zake huzimika nayo. Jina la mtoto liandikwe ndani ya sanduku, si juu yake. Wajue kwamba mtoto aliye taabuni katika Kenya aweza kupiga namba 116 bila malipo, na kwamba askari wa stesheni, karani wa tikiti au mama mwenye watoto ndio watu wa kuendewa kwanza. Wajue pia kwamba kumwambia mkubwa "ngoja" kwa maneno ya adabu si utovu wa heshima. Mwisho, mzazi atoaye sharti na alishike yeye mwenyewe kabla ya wote.

Jamaa yote ilirudi Nairobi pamoja kwa gari la mchana. Safari hii msichana alichagua viti vya upande wa kushoto. Walipofika Emali mawingu yalikuwa yamejaa upande wote wa kusini, na mdogo wao wa miaka sita aliuliza mlima uko wapi.

"Uko pale," dada yake akasema, akionyesha mawingu.

"Hakuna kitu pale."

"Upo. Mimi niliuona."

Mtoto alimgeukia baba yake ili apate hukumu. Baba alikuwa hajauona mlima huo hata mara moja, kwa miaka yote aliyopita njia hiyo. Akasema, "Dada yako ndiye ajuaye," na kumpisha msichana akae karibu na dirisha.